Pumzi ya Mashini ya Angani, na Namna ya Kuipima

1. Chombo kilichokwenda polepole

Wanafunzi, mwajua kwamba roketi kubwa huondoka ardhini kwa ngurumo na moto mwingi. Leo tutasoma habari za mashini nyingine. Hiyo ni ndogo, haina ngurumo wala ndimi za moto. Nguvu yake ni haba hata mtoto mchanga aweza kuishinda kwa kidole. Walakini mashini hiyo ilifikisha chombo mpaka Mwezini.

Tarehe 27 Septemba 2003, roketi iitwayo Ariane 5 iliondoka Kourou, katika Guyana ya Wafaransa, Amerika ya Kusini. Ilibeba chombo cha nchi za Ulaya, jina lake SMART-1. Chombo hicho kilikuwa na uzito wa kilo 367, na hakikuwa na mtu ndani. Roketi ilikiacha kikiizunguka dunia, nayo ikawa imemaliza kazi yake. Kutoka hapo chombo kilipaswa kwenda Mwezini kwa nguvu zake chenyewe.

Nguvu gani? Chukua karatasi moja ya kuandikia barua, ongeza nusu ya karatasi nyingine, uziweke juu ya kiganja chako. Uzito huo, yapata gramu 7, ndio kadiri ya nguvu ya mashini ya SMART-1. Hapa ardhini nguvu hiyo haiwezi kusogeza hata kopo lililojaa maji. Lakini huko juu hakuna matope wala upepo wa kukizuia chombo. Nguvu ndogo ikiendelea saa kwa saa, mwendo nao waongezeka saa kwa saa.

Tufanye hesabu. Nguvu hiyo ikisukuma kilo 367 mchana kutwa na usiku kucha, pasipo kitu cha kuipinga, baada ya saa 24 mwendo umeongezeka kilometa 60 hivi kwa saa. Siku ya pili zaongezeka 60 nyingine, na siku ya tatu vilevile. Haba na haba hujaza kibaba. SMART-1 iliizunguka dunia mara nyingi, na njia yake ikazidi kupanuka, mpaka mwezi wa Novemba 2004 ikashikwa na mvuto wa Mwezi.

2. Mashini inasukumaje

Simama ndani ya mtumbwi uliotulia juu ya maji. Shika jiwe, ulirushe nyuma kwa nguvu. Jiwe laenda nyuma, na mtumbwi wasogea mbele kidogo. Ukitaka mtumbwi usogee zaidi, una njia mbili: kurusha mawe mengi, au kurusha jiwe lilelile kwa mwendo mkali zaidi. Msafiri asiyeweza kubeba mawe mengi hana budi kuchagua njia ya pili.

Roketi ya moto hurusha gesi yake nyuma kwa mwendo wa kilometa 3 au 4 hivi kwa sekunde. Mashini ya umeme yaizidi mbali sana: chembe zake hutoka kwa mwendo wa kilometa 20 hivi kwa sekunde. Mtu akitembea kwa miguu tangu alfajiri, atapata kilometa 20 karibu na adhuhuri. Chembe hizo huupita umbali huo kabla hujamaliza kusema «moja».

«Mawe» ya SMART-1 ni gesi iitwayo zenoni. Zenoni ni gesi nzito, haina rangi wala harufu, nayo imo kidogo sana katika hewa tunayovuta. Iligunduliwa katika mji wa London mwaka 1898 na William Ramsay na Morris Travers. SMART-1 ilichukua kilo 82 za gesi hiyo. Ilitumia miligramu 4 na kidogo tu kwa kila sekunde.

Je, gesi hurushwa namna gani? Kwanza jueni kwamba kila chembe ya gesi ina kiini katikati, na kukizunguka kile kiini kuna vitu vidogo sana viitwavyo elektroni. Kiini kina umeme wa namna moja, na elektroni zina umeme wa namna ya pili. Vikiwa sawasawa, chembe nzima haionyeshi umeme wowote. Lakini chembe ikinyang'anywa elektroni moja, usawa waharibika. Chembe hiyo iliyopungukiwa twaiita ioni. Ioni yaweza kuvutwa na kusukumwa kwa umeme. Chembe nzima haiwezi.

Basi, mashini ya SMART-1 ina mfereji wa mviringo kama pete, uliotengenezwa kwa kauri ngumu. Zenoni huingia kutoka chini ya mfereji. Karibu na mdomo wa mfereji, sumaku zazishika elektroni zisipite upesi, nazo zabaki kuzungukazunguka kama nyuki mlangoni pa mzinga. Chembe za zenoni zikipita hapo hugongwa na elektroni hizo, zikapoteza elektroni zao, zikawa ioni. Mara nguvu ya umeme ya volti 350 huzisukuma ioni nje.

Pembeni, nje ya mfereji, kuna kijibomba kimoja. Hicho humwaga elektroni mpya katikati ya ioni zinazotoka. Kwa nini? Kwa sababu kama ioni zingetoka peke yake, chombo kingebakiwa na elektroni nyingi mno, nazo zingeziita ioni zirudi. Kwa hiyo kwa kila ioni itokayo, elektroni nayo hutoka.

Mchanganyiko wa ioni na elektroni huitwa plasma. Jina hilo lilitolewa mwaka 1928 na Mwamerika Irving Langmuir. Plasma imo katika radi, imo katika Jua. Ile itokayo mdomoni mwa mashini yetu tutaiita pumzi ya mashini. Ina mwanga wa rangi ya samawati. Haiendi moja kwa moja kama mshale, bali hutanuka kama mpare wa kumiminia mafuta, mdomo wake mpana ukielekea mbali.

3. Kwa nini lazima ipimwe

Mtu aweza kusema: «Mashini yasukuma, chombo chaenda. Tupime pumzi ya nini?» Ziko sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni nguvu. Ioni inayokwenda nyuma sawasawa husukuma chombo mbele. Ioni inayokwenda upande hupoteza sehemu ya kazi yake. Inayokwenda kulia na inayokwenda kushoto hupingana, na chombo hakipati kitu. Kwa hiyo mafundi wataka kujua ni ioni ngapi zinazokwenda wapi.

Sababu ya pili ni ulaji. Ukirusha mchanga kwa nguvu juu ya ukuta uliopakwa rangi, rangi yabanduka. Ioni nazo ni hivyo: zikipiga kitu chochote kigumu, hubandua chembe zake, moja moja, saa kwa saa. Zaula hata mfereji wa mashini yenyewe. Tena chombo kina mabawa mapana yanayopokea jua na kutoa umeme. Bawa likisimama penye ioni kali, laliwa. Na uchafu uliobanduliwa mahali pengine waweza kutua juu ya bawa na kulitia kiza.

Sababu ya tatu ni ya ajabu kuliko hizo mbili: sehemu ya pumzi hurudi nyuma. Itawezekanaje kitu kitokacho kwa kilometa 20 kwa sekunde kirudi? Sikilizeni mfano huu.

Watu wawili wako njiani. Mmoja akimbia mbio sana, hana kofia. Wa pili atembea polepole, ana kofia. Mkimbiaji akimpita, amnyakua kofia, aivaa, aendelea na mbio zake. Sasa mkimbiaji ana kofia, na yule wa polepole ndiye asiye nayo.

Mkimbiaji ni ioni, na kofia ni elektroni. Mtembezi ni chembe nzima ya zenoni iliyotoka mfereji bila kugongwa, ikaelea polepole. Ioni ya mbio hunyakua elektroni ya chembe hiyo, ikawa nzima, ikaenda zake kwa mbio zilezile. Chembe ya polepole sasa imekuwa ioni, na haina mbio. Umeme uliomo katika pumzi waisukuma kando, na nyingine zasukumwa mpaka zarudi chomboni, penye mabawa na vioo vya kutazamia nyota.

Mkumbuke kwamba hakuna fundi awezaye kupanda huko kusafisha kioo au kubadili bawa. Chombo kikiisha kuondoka, kosa lililosahauliwa chini laenda nalo juu. Kazi ya miaka mingi, ya mamia ya watu, yaweza kupotea kwa sababu ya utando mwembamba kuliko rangi. Ndiyo maana pumzi hupimwa kabla ya safari.

4. Chumba kisicho na hewa

Mashini hii haiwezi kufanya kazi katika hewa yetu. Ioni zingegonga hewa mara moja, zikasimama. Kwa hiyo mafundi hujenga pipa kubwa la chuma, wakaitoa hewa yote iliyomo. Pipa moja la namna hiyo liko katika mji wa Orléans, Ufaransa. Mapipa mengine yako Marekani, Uholanzi, Ujerumani, Urusi na Japani. Mengine ni makubwa kama nyumba, hata lori laweza kuingia.

Pampu huanza kuitoa hewa. Halafu mabamba yenye baridi kali mno, kupita sana baridi ya barafu, huinasa zenoni inayotoka katika mashini, ikaganda juu yake kama umande ugandavyo katika nchi za baridi. Bila mabamba hayo, pipa lingejaa zenoni baada ya muda mfupi. Kuta ambazo pumzi yazipiga hufunikwa na kaboni, maana kaboni haibanduki upesi kama chuma.

Hata hivyo pipa haliwi tupu kabisa. Mashini ikiwaka, gesi inayobaki ndani ni karibu sehemu moja katika milioni 100 ya hewa ya nje. Ni kidogo mno. Lakini utupu wa angani wapita huo mbali. Likumbukeni neno hili, tutalirudia.

5. Vyombo vya kupimia

Nani awezaye kupima pumzi ya namna hiyo? Huwezi kuikamata kwa mkono, huwezi kuitia katika chupa. Mafundi wana vyombo vitano au sita, na kila kimoja huuliza swali lake.

Cha kwanza ni kikombe cha Faraday. Jina hilo latoka kwa Michael Faraday wa Uingereza, mwana wa mhunzi, aliyeanza kama kijana wa kufunga vitabu, akawa mwenye elimu kubwa ya umeme. Kikombe ni cha chuma, kimeelekezwa penye mashini. Ioni huingia ndani, zikatoa umeme wake, na umeme huo hupita katika waya mpaka kwenye kipimo. Ni kama mtu anayeweka sufuria uani wakati wa mvua, halafu apima maji yaliyoingia. Kikombe hufungwa juu ya mkono mrefu unaozunguka mbele ya mashini kwa nusu duara. Penye katikati kipimo chapanda sana, kandokando chashuka. Kwa njia hiyo fundi apata ramani ya pumzi: wapi ni nzito, wapi ni nyepesi.

Cha pili ni lango la volti. Hapo ioni hazina budi kupita nyavu nyembamba za chuma kabla ya kufika kikombeni. Wavu mmoja umetiwa umeme unaozipinga ioni, na fundi huuongeza polepole: volti 10, volti 50, volti 100, na kuendelea. Ni kama kilima kinachoinuliwa mbele ya wakimbiaji. Kilima kikiwa kifupi, wote wapita. Kikiinuka, walio dhaifu warudi. Kikizidi sana, hakuna apitaye. Kwa kuangalia ni kwenye volti ngapi ioni zaacha kupita, fundi ajua kila kundi lina nguvu gani. Ioni kali za mashini ya volti 350 hupita mpaka kilima kidogo chini ya hizo 350. Ioni ya zenoni yenye nguvu ya volti 300 ina mwendo wa kilometa 21 kwa sekunde. Lakini zile za polepole, zile zilizonyang'anywa kofia, hushindwa mapema. Kwa hiyo lango huzitenga na kuzionyesha.

Cha tatu ni kijiti cha Langmuir, yuleyule aliyetoa jina la plasma. Alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha taa za umeme huko Schenectady, Marekani. Chombo chake ni waya mwembamba tu, umevikwa kauri, ncha yake yaonekana. Waya huingizwa katika plasma na kupewa volti, mara za kuita elektroni, mara za kuzifukuza. Umeme unaopita waandikwa. Kutokana na namna umeme unavyopanda, fundi ajua elektroni ni ngapi na zina joto gani.

Cha nne hutumia sumaku na umeme pamoja, kwa kupingana. Sumaku yavuta ioni upande mmoja, umeme wavuta upande wa pili. Ni ioni ya mwendo mmoja tu inayopita katikati bila kupinda. Kwa chombo hiki fundi azitenga ioni zilizopoteza elektroni moja na zile zilizopoteza mbili.

Cha tano hakigusi kitu. Ni mwanga wa leza. Ioni ya zenoni ikipigwa na mwanga wa rangi yake hasa, yang'aa. Lakini ioni inayokimbia huiona rangi hiyo imebadilika kidogo, kama vile honi ya lori linalokuja yasikika nyembamba, na likiisha kupita yasikika nene. Fundi hugeuza rangi ya leza kidogo kidogo mpaka ioni zang'aa. Kadiri alivyoigeuza rangi, ndivyo ajuavyo mwendo wao.

Cha sita ni mizani. Mashini yenyewe hutundikwa kama bembea. Ikisukuma, bembea yasogea kidogo sana, na usogeo huo hupimwa. Mizani haisemi ioni zaenda wapi. Yasema nguvu yote pamoja ni kiasi gani.

6. Kipimo chaweza kudanganya

Sasa turudi kwa neno tulilosema juu ya pipa. Mle ndani mmebaki gesi kidogo. Gesi hiyo huleta madhara mawili.

Kwanza, chembe zake zaelea polepole katika njia ya ioni. Kwa hiyo kofia nyingi zaidi zanyakuliwa kuliko angani. Kikombe kilichowekwa kandokando chahesabu ioni nyingi za polepole, na fundi asiyefikiri aweza kusema: «Mashini hii yatupa ioni zake ovyo.» Kumbe si mashini, ni pipa.

Pili, sehemu ya gesi hiyo yaingia tena katika mfereji, ikafanywa ioni, ikarushwa kama zenoni mpya. Mashini yaonekana kuwa na nguvu zaidi kuliko itakavyokuwa angani, mahali ambapo hakuna gesi ya bure.

Tena vyombo vya kupimia vina makosa yao. Kikombe huliwa na ioni. Kijiti hupata utando wa uchafu juu ya ncha yake, kikasema uongo bila kujua. Mkono unaobeba vyombo, ukipita karibu mno na mdomo wa mashini, waibadilisha pumzi yenyewe inayopimwa. Ni kama mtu anayetaka kupima mwendo wa kijito kidogo, aingia majini kwa miguu miwili, kijito chapinda mbele yake.

Basi, fundi mwaminifu hufanyaje? Hapimi mara moja. Hupima, halafu huongeza gesi ndani ya pipa kwa makusudi, akapima tena, halafu huongeza tena. Atazama vipimo vinavyobadilika kadiri gesi inavyozidi, na kwa kufuata njia ile kinyume, akisia vitakuwaje pasipo gesi kabisa. Kila namba aiandika pamoja na kiasi cha gesi kilichokuwamo. Namba isiyo na habari ya mahali ilipopimwa ni nusu ya namba.

Tena hulinganisha chombo na chombo. Tuone mfano. Miligramu 4 na kidogo za zenoni kwa sekunde, kila chembe ikipoteza elektroni moja, zatoa umeme wa ampere 3 hivi. Fundi ajumlisha umeme wote uliohesabiwa na kikombe, pande zote. Akipata 3, au zaidi kidogo kwa sababu ya ioni zilizopoteza elektroni mbili, moyo wake watulia. Akipata 5, ajua kwamba kuna kitu kinachodanganya: ama gesi ya pipa, ama kikombe chenyewe. Hachagui namba inayompendeza. Arudi kutafuta kosa. Halafu aiuliza mizani, kama nguvu iliyopimwa yapatana na ramani ya kikombe na mwendo ulioonyeshwa na lango. Shahidi mmoja aweza kukosea. Mashahidi watatu wakipatana bila kusikilizana, neno lao laaminika.

7. Walinzi waliosafiri pamoja

Walakini hata vipimo vyema vya pipa havitoshi. Pipa ni pipa, na anga ni anga. Kwa hiyo waliotengeneza SMART-1 waliweka vipimo juu ya chombo chenyewe, viwe walinzi wake njiani.

Walinzi hao walikuwa wanne. Lango la volti lilizihesabu ioni zilizorudi. Kijiti cha Langmuir kilipima plasma iliyokizunguka chombo. Kipande kidogo cha kupokea jua kilionyesha kama utando watanda: kikitandwa, umeme wake wapungua. Wa nne alikuwa kipande cha jiwe la kwarzi, ambacho hutikisika upesi sana na kwa hesabu isiyobadilika kikitiwa umeme. Uchafu ukitua juu yake, hata mwepesi kuliko vumbi lolote unaloweza kuona, mtikisiko wake wapungua, na kwa hiyo uzito wa uchafu wajulikana.

Walinzi walifanya kazi yao. Walionyesha kwamba ioni za polepole zarudi kweli, hata mahali ambapo mdomo wa mashini hauelekei. Tena jambo jingine lilionekana: umeme wa chombo chote ulipanda na kushuka kwa kufuata mgeuko wa mabawa yake ya jua. Plasma iliyokizunguka chombo iligusana na mabawa hayo, na kila yalipogeuka hali ilibadilika. Katika pipa, ambamo mashini husimama peke yake bila mabawa, nani angeliona jambo hilo?

Mashini ya SMART-1 iliwaka karibu saa 5,000 kwa jumla. Zenoni ilipokwisha, chombo kiliendelea kuuzunguka Mwezi, kikitazama mawe na mabonde yake, mpaka tarehe 3 Septemba 2006 kikaongozwa kuanguka juu ya Mwezi, wakati watu wa duniani wakikitazama kwa darubini. Kazi yake ilikuwa imetimia, na mabawa yake hayakuwa yamekufa njiani.

Baada yake vyombo vingine vingi vimetumia mashini za jamaa hiyo. Tarehe 13 Oktoba 2023 Marekani ilirusha chombo kiitwacho Psyche, kiende kwenye jiwe kubwa la angani lenye jina hilohilo. Nacho kinasukumwa na pumzi ya zenoni. Leo maelfu ya vyombo vidogo vinavyoizunguka dunia vina mashini za umeme, na kila namna ya mashini hupimwa kwanza katika pipa: kikombe chazunguka, lango lainuka, kijiti chaingia na kutoka.

Wanafunzi, jambo la kushika katika somo hili ni hili. Pumzi ileile inayosukuma chombo yaweza kukirudia na kukiharibu. Mashini ikiwaka vizuri, bado hujajua kila kitu. Fundi hana budi kuuliza: kinachotoka chaenda wapi? Tena hana budi kuuliza swali la pili, lililo gumu zaidi: kipimo changu chasema kweli? Anayeuliza maswali hayo mawili kabla ya safari, chombo chake chaweza kufika.

Maulizo

1. Nguvu ya mashini ya SMART-1 ilikuwa kadiri gani? Kwa nini nguvu ndogo hiyo ilitosha angani?
2. Ioni ni nini? Yatofautianaje na chembe nzima?
3. Kwa nini kijibomba cha pembeni humwaga elektroni katika pumzi?
4. Eleza kwa mfano wa kofia namna ioni ya polepole inavyopatikana.
5. Kikombe cha Faraday chapima nini? Na lango la volti je?
6. Gesi inayobaki katika pipa yadanganyaje vipimo? Taja njia mbili.
7. Walinzi wanne wa SMART-1 walikuwa nini na nini?
8. Hesabu: mashini ikitumia miligramu 4.2 za zenoni kwa sekunde, yatumia kilo ngapi kwa saa 5,000? Linganisha jibu lako na kilo 82 zilizochukuliwa na chombo.